Dada Stima

Nilifika Nkuhungu mwezi wa upepo na vumbi
na begi moja, kompyuta, na kampuni isiyo na mlango.
Sisi ni watatu: Mukisa yuko Jinja,
Chepkoech yuko Londiani, mimi hapa.
Hatujawahi kula meza moja.
Tunatunza hesabu za watu wenye haraka:
mwoka mikate wa Nakuru, muuza maua,
mama mmoja wa Kisii anayesafirisha vinyago vya mawe
na kusahau kuandika anaowadai.

Siku ya kwanza dukani nilisema, "Nipe maziwa."
Mwenye duka akanitazama kana kwamba nimemkanyaga.
"Sema naomba," akanifunza, taratibu.
Nikaomba. Naomba tangu siku ile,
hadi barua zangu za madai zimelainika:
Naomba, kama hutajali, unilipe za Machi.
Mwoka mikate akapiga simu:
"Nafuna, uko mgonjwa?"

Wiki hiyo hiyo taa zilizima.
Nikatoka uani nikipiga kelele, "Stima imepotea!"
Watoto wakaenda kuitafuta
chini ya beseni, nyuma ya banda la kuku.
"Imepotelea wapi, dada?"
Jina likanibaki.

Uhamiaji, kalamu ya karani imefungwa kamba.
Unafanya kazi wapi? Mezani.
Meza ya nani? Ya Mama Sechelela, imo kwenye kodi.
Na pesa hutoka wapi? Nikanyoosha mkono kaskazini
kama anayemwelekeza mtu kituo cha basi.
Fomu haikuwa na kisanduku cha jibu hilo.
Akaandika kitu ambacho sikukiona,
akagonga muhuri.

Shilingi inatoka shilingi, inaingia shilingi.
Wajina wawili, mmoja mnene, mmoja mwembamba,
na katikati yao wakala wa dirisha la bluu
anakata chake. Kinachobaki nakula:
ugali wa uwele, mlenda,
zabibu nusu kilo siku ambayo Kisii amelipa.

Kuna mtaa hapa unaitwa Kikuyu.
Nilipanda bajaji kwenda kuutazama tu,
nikitega sikio nisikie chochote cha nyumbani.
"Mbukwenyi," akasema bibi wa ubuyu.
Nikajibu poa.
Alicheka mpaka akanipimia zaidi.

Nyumba nzima inaamini sina kazi.
"Ila gesi yake haiishi," nilimsikia jirani
bombani, Ijumaa, siku ya maji.
Na kwa kuwa nipo tu, naachiwa vitu:
funguo, maharage yasiungue,
fundi akija mwambie asubiri,
na Ndahani, miezi minane, mtafuna waya wa chaja.
Juzi katikati ya kikao akapasua kilio.
"Huyo ni mtoto wa nani?" akauliza muuza maua.
Nikasema, wa kwetu.
Neno lilitoka kabla sijalipigia hesabu.
Nikarudi kwenye jedwali, nikajumlisha safu moja
mara tatu, na mara tatu jibu halikufanana.

Jana usiku, mwisho wa mwezi, ripoti ikiwa nusu,
giza. Nikampigia mama Webuye,
betri asilimia mbili.
"Umeme umekatika," nikamwambia.
Akanyamaza. Nikasikia mvua yake
ikitembea juu ya mabati.
"Umeme? Basi na ninyi imewafikia.
Mungu ni mwema. Umeanua nguo?"

Uani nguo zangu zilikuwa kwenye kamba,
kavu, ngumu kama maboksi,
na juu yake nyota zote, hata zile ndogo.
Nilitaka kumsahihisha.
"Naomba," nikaanza,
simu ikazima.